Mto umeganda, na Februari nakwenda Jinja: nifanye nini mwili usisahau kayaki?

MwanaSagana (Ottawa)

Habari zenu ndugu na dada zangu. Mimi ni mtu wa Sagana. Miaka 6 nilikuwa kwenye kayaki (kimtumbwi cha mtu mmoja) ya usalama mtoni Tana: wageni wanashuka na rafti, yaani boti la mpira, mimi niko mbele, mmoja akirushwa nje namfuata, anashika mkia wa kayaki namvuta hadi kando. Mwaka huu nimehamia Ottawa. Naendesha foklifti ghalani zamu ya usiku, na hii ndiyo baridi yangu ya kwanza.

Kiangazi sikukosa kitu. Karibu kila Jumapili nilikuwa upande wa Beachburg, pale Mto Ottawa unapogawanyika kati ya visiwa, kwenye mawimbi waliyofanyia mashindano ya dunia ya kayaki za michezo mwaka 2015. Tangu Novemba kayaki yangu iko kwenye baraza, imejaa theluji. Nimeongezeka kilo 6.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwenye bwawa la kuogelea la mtaa, ambako wanaruhusu kayaki saa moja na nusu kwa wiki. Nikajipindua makusudi. Kwa kulia nilijigeuza mara 7 nikarudi juu zote. Kwa kushoto, mara 7, nilirudi 3. Zile nne nilivua sketi ya kayaki, kile kitambaa cha kiunoni kinachoziba tundu la kukalia maji yasiingie, nikatoka nikaogelea. Ndugu zangu, jambo hilo limeniuma. Kule Tana niliwahi kumaliza msimu mzima bila kutoka ndani ya kayaki.

Februari nina likizo ya siku 16. Nitapitia Jinja, Uganda, kabla sijafika kwa mama, na vijana niliofanya nao kazi wananisubiri tushuke maporomoko ya Itanda mtoni Nile. Nina wiki tisa. Nifanye mazoezi gani? Halafu kuna wenzangu hapa wanaokwenda kucheza chini ya daraja la Champlain, pale Bate Island, kwa sababu maji ya pale hayagandi. Wananiita. Niende?

---

Baraka_Gatineau

Karibu kwenye baridi, ndugu. Mimi si mtu wa kayaki sana, ni mtu wa skii, lakini nakuambia njoo upande wetu, mbuga ya Gatineau. Azima skii zile nyembamba za kutembelea, si za kushukia mlima. Ile namna ya kusukuma na fimbo mbili kwa pamoja inatumia tumbo na mgongo kama unavyovuta kasia. Saa moja tu, jasho litakutoka kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri. Na hizo kilo 6 hutaziona tena.

---

DadaTrent (Nottingham)

Kaka, pole na baridi. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi hapa mwaka wa 14 sasa, na kayaki nilianza nikiwa na miaka 33, kwa hiyo kila kitu nilijifunza polepole na kwa kuumia. Huku kwetu Uingereza mambo ni kinyume na kwako. Baridi ndiyo msimu, kwa sababu mvua ndizo zinazojaza mito. Kiangazi mito mingi inabaki mawe matupu, tunabanana kwenye mfereji wa Holme Pierrepont unaolishwa na Mto Trent. Ndiyo maana suala la maji baridi nalijua vizuri, nitalifikia.

Kwanza kushoto kwako. Wengi watakwambia nenda jimu, beba chuma. Mimi sikubaliani. Mtu aliyevuta watalii Tana miaka 6 hajapoteza nguvu za mabega kwa miezi miwili. Jiulize: kwenye foklifti unakaa saa ngapi? Na ukirudi nyuma unageukia upande gani? Zamu nzima kiuno kinazunguka upande mmoja, nyonga zimekaa kama zimefungwa kamba. Halafu unazitaka bwawani zifyatuke kwa nusu sekunde.

Kujigeuza ni kazi ya nyonga na kichwa. Kasia linakusaidia tu kupata pa kuegemea. Alhamisi liache kasia pembeni. Kaa sambamba na ukingo wa bwawa, ushike kwa mikono miwili, jilaze hadi sikio liingie majini. Sasa irudishe kayaki chini yako kwa goti na nyonga tu. Mikono ikae laini kama imeshika yai. Kayaki igeuke kwanza, kisha kiwiliwili, na kichwa kiwe cha mwisho kabisa kutoka majini.

Hapo kwenye kichwa ndipo ugonjwa ulipo. Ukikosa hewa, mwili unataka kuinua kichwa, na kichwa kikipanda, nyonga zinasukumwa upande usiotakiwa na kayaki inarudi kukufunika. Mwalimu wangu alinipa sifongo la kuoshea vyombo, lile la njano lenye upande wa kijani. Nilibane kati ya sikio na bega, nijipindue, nirudi juu nalo. Mara ya kwanza sifongo liliibuka kabla yangu, likaelea peke yake pembeni. Mara ya pili hivyo hivyo. Nilikuwa nimeapa miezi mitatu kwamba kichwa changu nakiacha chini! Sifongo lilinionyesha ukweli ambao maneno ya mwalimu yalishindwa. Nilirudi nalo bado limebanwa shavuni, maji yake yakinichuruzika shingoni, na tangu siku ile nimejua mwili unapaswa kuhisi nini. Fanya mara 20 kushoto kabla hujagusa kulia.

Nyumbani, kabla ya kulala: kaa sakafuni miguu imenyooka mbele, mpini wa ufagio mabegani, zunguka taratibu, kushoto mara mbili ya kulia. Ukishindwa kukaa hivyo bila kuinama nyuma, misuli ya nyuma ya mapaja imekaza, inyooshe kila siku. Pia chukua mkanda wa mpira wa mazoezi, ufunge kwenye kitasa, bana kiwiko ubavuni, vuta kwenda nje, 15 mara 3. Huo ni kwa ajili ya kulinda bega. Mimi langu la kulia liliteguka mwaka 2017. Wimbi lilinipiga ubavuni, nikainua mkono juu ya kichwa kuegemea kasia, nikasikia limetoka mahali pake. Miezi mitano sikushika kasia. Kwa hiyo nakuomba kama dada yako: kiwiko kisipande juu ya bega, na mikono yote ibaki mbele yako unapoiona.

Bate Island usiende na nguo ulizonazo. Kwenye maji ya namna hiyo, dakika ya kwanza kifua kinavuta hewa chenyewe bila ruhusa yako, na kama uko chini ya kayaki unavuta maji. Huko kwenu Canada kuna mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Gordon Giesbrecht, anayefundisha 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 vidole na mikono bado vinakutii, saa 1 kabla baridi haijakupoteza fahamu. Na hesabu hiyo ni ya mtu aliyevaa jaketi la kuokolea. Pata suti kavu, ile isiyoingiza maji, yenye mpira unaobana shingoni na mikononi, sufu ndani, glavu, kofia chini ya helmeti. Kama huna, subiri. Na kushoto kwako hakujapona bado.

---

Kasia_Njeru

Sagana oyee! Niko hapa ng'ambo ya Jinja tangu 2010. Dada amemaliza habari ya mwili, mimi nikwambie habari ya maji.

Nile si Tana. Tana ukikosea unagonga jiwe, lakini mto ni mwembamba, kando iko karibu. Hapa maji ni mengi mno, yanatoka ziwani mwaka mzima. Mawe huyaoni sana, lakini ukitoka kwenye kayaki unaogelea mbali, na mawimbi yanakufunika moja baada ya jingine. Kwa hiyo fundisha pumzi: kwenye ngazi za jengo lako panda ghorofa nne mbio, kisha ubane pumzi umesimama, hesabu hadi 10, panda tena. Majini usibane pumzi peke yako, hata bwawani. Watu wamezimia hivyo kimya kimya.

Mabwawa ya umeme yametula. Maporomoko ya Bujagali yalifunikwa, bwawa likazinduliwa 2012, kisha bwawa la Isimba 2019 likameza mengine. Itanda bado ipo. Siku ya kwanza tutakaa kando tuiangalie tu. Ukisema hapana tunabeba kayaki mabegani tunapita kwa miguu, hakuna atakayekuuliza.

Kayaki yako iache Ottawa, kodisha hapa. Leta helmeti, sketi, na jaketi unalolizoea. Kadi ya homa ya manjano iwe mkononi. Dawa ya kuzuia malaria meza, usiseme wewe ni mwenyeji, mtu akikaa nje kinga inapungua. Na ukirudi Canada, mwambie daktari ulikuwa majini Nile, akupangie kipimo na dawa ya kichocho baada ya wiki kadhaa. Madaktari wa huko hawataifikiria wenyewe.

---

MwanaSagana

Dada, kwenye foklifti nageukia kulia. Nimecheka peke yangu ghalani nilipogundua, maana usiku mzima sikugeuka kushoto hata mara moja.

Naleta habari ya wiki tatu. Bate Island nimewaambia wenzangu hapana hadi nipate suti. Baraka, asante, nimeanguka kwenye skii mara nyingi lakini Jumamosi narudi. Sifongo limenifedhehesha Alhamisi mbili. Jana lilibaki shavuni mara 4 kati ya 10 kwa kushoto, na zile nne kayaki ilirudi nyepesi hata sikukumbuka mikono iko wapi.

Kasia_Njeru, siku ya kwanza tuangalie tu, nimekubali. Nimemwambia mama nitachelewa siku mbili. Anauliza kama Jinja kuna samaki wa kumletea.