Ngege wananilia chambo tu, nakosea wapi?

FundiKayole:
Wakuu, Jumamosi ya tatu sasa nakaa ukingoni mwa bwawa moja huku nje ya Ruiru tangu saa kumi na mbili asubuhi, narudi Kayole na ndoo tupu. Boya linacheza-cheza, navuta, ndoano safi kama imeoshwa. Natumia minyoo wazima na ndoano yangu kubwa ya kambare. Mke wangu ameshaacha kukata vitunguu akinisubiri.

MzeeWaMshipi:
Ndoano ya kambare! Ngege ana mdomo mdogo, ndugu yangu. Tafuta ndogo, kipande cha mnyoo kifiche ncha tu. Na baridi hii ya Julai, alfajiri unaenda kumtafuta nani? Subiri jua lipashe maji, hata saa nne.

BintiWaHomaBay:
Jaribu ugali mgumu, finyanga ukubwa wa punje ya mahindi. Kwenye maji ya kina kifupi angalia vishimo vya mviringo kama sahani. Madume huvichimba na kuvilinda. Kivuli chako kisianguke majini.

FundiKayole:
Jana saa tano, kwa ugali: watatu! Mmoja kanizidi kiganja. Minyoo nimewapa kuku wa jirani. Vitunguu vimerudi.