"Inflammable" ni kitu kinachowaka au kisichowaka?

Fundi Baridi, Mwanza
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni fundi friji, Kiingereza changu ni kile cha kwenye vibandiko. Nina kijana namfundisha kazi, kamaliza kidato cha nne na lugha ananizidi. Friji nyingi za nyumbani siku hizi zina gesi ya R600a, na kwenye kompresa kuna alama ya njano yenye moto, nyingine wanaandika kabisa "flammable". Sasa tuna kopo la dawa ya kusafishia limeandikwa "inflammable". Kijana anasema "correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi, "direct" na "indirect" vilevile, kwa hiyo hilo kopo haliwaki, na akataka kuliacha pale pale ninapochomelea mabomba! Nimelihamisha kwanza, ubishi baadaye. Linanuka kama petroli. Nani yuko sahihi? Na hivi vipande wanavyobandika mbele na nyuma ya maneno vina kanuni, au ni kukariri tu?

Mwalimu Mstaafu
Fundi, fuata pua yako. Linawaka.

Kijana ana akili, ila hajaambiwa kwamba zipo "in-" mbili, zote za Kilatini. Moja hukanusha, na hujibadilisha kufuata herufi inayofuata: "impossible", "illegal", "irregular". Ya pili maana yake ni kutia ndani, nawe unaitumia kila siku unapovuta hewa: "inhale". Ipo pia kwenye "insert" na "inject". Kilatini "inflammare" ni kuwasha moto, Kiingereza kikapata "inflame", kisha wakapachika "-able" nyuma: kinaweza kuwashwa. Kwa hiyo neno linakatika "inflam-" na "-able", si "in-" na "flammable". Hilo "flammable" ni neno changa zaidi, na siku hizi linapendelewa kwenye vibandiko kwa sababu ya ubishi kama wenu. Kisichowaka huandikwa "non-flammable". Mwambie kijana atafute hiyo "non" kabla hajawasha tochi.

Kanuni zipo. Kipande cha mbele kwa kawaida hugeuza maana, neno likabaki aina ileile. Cha nyuma mara nyingi hugeuza aina yenyewe: "compress" ni kitenzi, "compressor" ni nomino. Hiyo "-er" au "-or" hufanya kazi ya watendaji na vyombo kwa pamoja. Sisi tuna m- ya mtu na ki- ya kitu, wao hawajali: "driver" ni mtu, "freezer" ni chombo. Ndiyo maana "cooker" ni jiko na mpishi ni "cook" tu. "My mother is a good cooker" nimelipigia mstari mwekundu maisha yangu yote ya kazi, na bado wajukuu wananiandikia.

Ninayoipenda mimi ni "un-" ya kwenye vitenzi. Haikanushi, inatengua, sawasawa na sisi tunavyosema funga na fungua, ziba na zibua. Ndipo linapokuja "unlockable". Ukiunganisha "lock" na "-able" kwanza, kisha "un-", mlango huo haufungiki. Ukianza na "unlock", mlango unafungulika. Neno moja, herufi zilezile, na Kiswahili kinazitenganisha bila jasho.

Mshi wa Bukavu
Mwalimu, sisi wa Kifaransa hatuna shida hiyo. "Inflammable" ni kinachowaka, kisichowaka ni "ininflammable". Hizo "in-" zako mbili zimepanga foleni, ya kukanusha mbele, ya kutia nyuma yake.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu yangu, umenipa mfano ambao ningeutumia darasani miaka yote ile. Asante sana.

Fundi Baridi, Mwanza
Shikamoo mwalimu, nimekuelewa. Bado moja. Kitabu cha kompresa kina "pressure gauge" na pia "gauge pressure". Kijana anasema ni kitu kilekile, wamegeuza tu.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Si kilekile. Maneno mawili yakiunganishwa hivyo, mwenye nyumba hukaa mwisho na wa mbele anamweleza. Sisi huanza na mwenye nyumba, ndiyo maana tunachanganyikiwa. "Pressure gauge" ni geji, ya presha. "Gauge pressure" ni presha, ile ya kwenye geji.

Fundi Baridi, Mwanza
Aah! Basi hapo najua mimi. Geji ikiwa hewani, haijaunganishwa popote, inasoma sifuri, wakati hewa yenyewe ina presha yake. Kwa hiyo "gauge pressure" ni ile iliyozidi ya hewa. Ukitaka ya jumla unaongeza ya hewa, na hiyo wanaiita "absolute".

Mwalimu Mstaafu
Hapo umenifundisha wewe. Yakiwa matatu, anzia nyuma vilevile: "gas leak detector" ni kifaa cha kutambua uvujaji wa gesi. Mtego uko kwenye "low pressure switch". "Low" hapo ni ya presha. Kijana asije akaenda dukani kutafuta swichi fupi.