Mume wangu anayeyusha betri za magari, tumbo linamsokota kila wiki. Nifanyeje?

Mama N wa Kizota
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, nimechoka, na mgonjwa mwenyewe hataki kusikia neno hospitali.

Mume wangu ana miaka 38. Tangu 2017 yuko kwenye karakana moja hapa Dodoma. Wanavunja betri chakavu, wanatoa sahani za ndani na kuziyeyusha kwenye sufuria juu ya mkaa. Risasi inayotoka, yale madini mazito ya ndani ya betri, nyingine wanawauzia wavuvi wa Mtera, wanafungia nyavu zizame.

Mwaka huu kabadilika. Tumbo linamsokota mpaka anajikunja, na anaweza kumaliza siku tano hajapata choo. Kichwa, viungo, uchovu. Presha 160 kwa 100, na kwao hakuna mwenye presha. Alikuwa mpole, sasa mtoto akidondosha kijiko tu nyumba nzima hakukaliki. Juzi kikombe cha chai kimemponyoka, anasema kiganja hakina nguvu.

Kapimwa malaria, taifodi, vidonda vya tumbo. Wakasema tu damu imepungua. Bosi wao anawapa pakiti ya maziwa kila siku, eti yanaondoa sumu. Mama mkwe anasema karogwa. Mimi nina mimba ya miezi minne, na ovaroli zake nafua mimi.

Mgogo Halisi
Pole shemeji. Hilo ni chango. Kuna mzee huku Bahi ana mizizi, siku tatu tu amepona.

Fundi Mstaafu
Mgogo, mizizi kaa nayo. Dada, yalinikuta hayo. Nilivunja betri miaka tisa, Morogoro. Kwa lile tumbo nilibaki kidogo nipasuliwe, wakidhani ni kidole tumbo. Aliyeniokoa ni nesi mmoja aliyeniuliza, "Baba, unafanya kazi gani?" Wengine wote hawakuwahi kuuliza. Damu ikapimwa risasi, ikasoma mikrogramu 62 kwa desilita. Na maziwa nilikunywa miaka yote tisa!

Daktari wa mumeo anajua anayeyusha betri?

Mama N wa Kizota
Hapana. Hatukusema, na hawakuuliza.

Darubini
Niko maabara. Bila kipimo siwezi kukwambia ni risasi, ila tumbo, choo kigumu, presha, upungufu wa damu na kiganja kulegea, vyote kwa mtu wa betri, mimi nisingelala.

Risasi inaingia kwa moshi na vumbi, na kwa mikono: anayekula chapati palepale karakana anaila. Mwili unaidhania ni kalsiamu, unaihifadhi. Kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini iko kwenye mifupa, na inakaa humo miaka na miaka, ikirudi kwenye damu kidogo kidogo. Maziwa yataosha nini hapo? Mlo wenye kalsiamu na madini ya chuma unapunguza kinachofyonzwa tumboni, basi. Moshi ulioshaingia mapafuni hauhusiani na pakiti ya maziwa.

Kipimo ni damu ya mshipa, si nywele. Aoge kwanza, mkono usuguliwe kwa sabuni, maana vumbi la ngozi linaharibu majibu. Hospitali ikiwa haina kipimo, ulizeni sampuli wanaipeleka wapi. Figo nazo ziangaliwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondolewe. Dawa za kuitoa zipo, ni za viwango vya juu na chini ya daktari. Akimeza huku anarudi kwenye moshi ni kazi bure.

Sasa wewe. Risasi inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Waambie kliniki, nawe upimwe. Ovaroli usiziguse tena.

Kijana wa Nkuhungu
Kwani risasi si walishaiondoa?

Fundi Mstaafu
Kwenye petroli, ndiyo. Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho, 2021. Kwenye betri iko palepale. Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa mlangoni kwao, kikafungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Mimi nilipoacha kazi, 62 ikashuka mpaka 39 kwa miezi mitatu, halafu ikawa inashuka kwa kujivuta. Presha ninayo mpaka leo.

Wakili Msomi
Kama ni mwajiriwa, ugonjwa unaotokana na kazi unahusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tunzeni kila karatasi ya hospitali.

Mama N wa Kizota
Mrejesho. Nilipomtajia mimba alinyamaza, asubuhi akatangulia mwenyewe kuvaa viatu. Tumetolewa damu wote wawili, majibu bado. Ovaroli iko nje kwenye ndoo yenye kifuniko. Sasa vumbi la ndani nalitoaje, na upepo huu wa Dodoma?

Darubini
Usifagie pakavu, utalirusha tu. Piga deki kwa maji ya sabuni, kitambaa kioshwe mara kwa mara, maji uyamwage chooni, si kwenye mchicha. Abadili nguo na kuoga kazini kabla hajambeba mtoto. Na kama kuna chombo chochote cha karakana kilichowahi kuja jikoni kwako, kitoe.

Mama N wa Kizota
Kuna sufuria. Tunapikia maharage.