Tupeane uzoefu: neno "old" limewahi kukuingiza matatani?

Zamu ya Usiku (Mikindani):
Habari za jioni wakuu, na shikamooni mnaostahili. Naanza na langu.

Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni. Siku moja kaingia babu wa Kizungu, fimbo mkononi, nywele nyeupe pee, jasho linamtiririka. Kwa malezi niliyopewa, mtu wa umri ule humwiti jina. Nikanyanyuka, nikapokea begi, nikasema kwa heshima zote: "Welcome, my old man!" Kichwani mwangu nilikuwa nimesema karibu mzee wangu. Babu akasimama. Akamgeukia mkewe akamnong'oneza kitu, bibi yule akacheka mpaka akakalia sanduku. Baadaye ndipo wakanieleza kwamba huko kwao, mtu akisema "my old man" mara nyingi anamsema baba yake mzazi. Babu anasema hakujua kama ana mtoto Mikindani.

Sisi tuna mzee, mkongwe, kuukuu, chakavu, cha kale, cha zamani, na kila neno lina kiti chake. Shuleni tukapewa "old" moja, tukaambiwa inatosha. Kumbe mzee kwetu ni cheo, "old" kwao ni hesabu ya miaka tu. Siku hizi nasema "sir", yaishe. Hata "elderly", ambalo ni la adabu, ni la kumtajia mtu, si la kumwitia. Haya, leteni yenu.

Kamba ya Nanga (Kilwa Masoko):
Wewe ulichekwa tu. Langu lilininyima hela.

Navusha wageni kwenda Kilwa Kisiwani. Siku hiyo nilipata wanne, wamekuja kuona Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa. Tukiwa gatini nikaanza kuwapa historia: Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, na magofu yetu pamoja na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Kila kitu nakipachika "old". Old mosque, old palace, old town. Wanatikisa vichwa, mmoja anaandika kwenye daftari. Nikanogewa. Nikageuka nikawaonyesha mashua: "And this boat, very, very old! Captain also very old!"

Jamani, nilikuwa nasifu! Nilimaanisha chombo kikongwe kinachoujua mkondo, na nahodha aliyezeekea baharini. Dada mmoja alishaingiza mguu mmoja. Akautoa. Wote wakainama kuangalia ubavuni, na kwa bahati mbaya pale kwenye kiungo cha mbao pamba ya kalafati, ile ya kuzibia maji, ilikuwa imechungulia kidogo. Wakamgeukia nahodha, wakamuuliza kama mashua ni mbovu. Sasa Kiingereza chote cha nahodha wangu ni "yes". Akatabasamu vizuri kabisa: "Yes, yes!"

Wakaondoka na boti ya injini ya jirani yangu, mbele ya macho yangu.

Yule wa daftari nilikutana naye kesho yake anakunywa chai, akaniita akanifundisha bila kinyongo. Msikiti na kasri ni "ancient", yaani vya kale. Nahodha ni "experienced", yaani mzoefu. Mashua ni "traditional", yaani ya asili, na kama huwezi kusema hivyo basi umri wake usiutaje kabisa. Tangu hapo nasema "traditional boat, experienced captain", na wageni wanapanda wanapiga picha. Mashua ni ileile, nahodha ni yuleyule, na pamba bado inachungulia.

Zamu ya Usiku:
"Yes, yes" ya nahodha imeniua 😂

Bibo Bichi (Mtwara mjini):
Mimi ni muuza korosho za kukaanga, stendi. Mwezi wa sita mzungu kanisogelea, kaokota moja, kauliza "New?" Mwenzenu nimelelewa kusema kweli. Korosho tunaokota kuanzia kama mwezi wa kumi, sasa mwezi wa sita nitasemaje ni mpya? Nikamjibu "No, old!" Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni, ukabaki humohumo. Akairudisha na ile moja.

Mwanangu aliposikia alishika kichwa. Akasema, mama, ukisema "old" kwenye kitu cha kuliwa, mtu anasikia "stale", yaani kimekaa mpaka kimepoteza ladha. Korosho iliyotunzwa vizuri kwenye ganda lake haijawa hivyo. Na mteja hakuuliza habari za mkorosho, aliuliza zimekaangwa lini. Sasa nasema "roasted today". Ya shambani sigusi mpaka niulizwe, na nikiulizwa nasema "last season".

Kalamu Nyekundu (Masasi):
Nafundisha, lakini na mimi lilinikuta kabla sijaajiriwa. Kwenye barua ya maombi niliandika "my old boss", nikiwa na maana ya bosi wangu wa zamani. Kwenye usaili mmoja wao akauliza, kwa uso mkavu, huyo bosi ana miaka mingapi. Nikamtajia! Neno la barua rasmi ni "former". Hilo "ex" wengi wakilisikia wanafikiria wapenzi walioachana, kwa hiyo kwa meneja wako liogope. Ila "old friend" acheni kama lilivyo, ni rafiki wa siku nyingi hata kama ana miaka ishirini.

Belo la Pili (Mtwara mjini):
Shati la mtumba. Likiandikwa "used", elfu tatu. Likiandikwa "vintage" na kupigwa picha ukutani, elfu kumi na tano. Shati moja. Sina la kuongeza.

Upepo wa Kusi (Lindi):
Mnaongelea ukale na hamjataja Tendaguru? Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wazee wetu wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Dinosaria mmoja amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo kinapita mita 13. Mimi nikamwambia mgeni "we have very old bones here". Akanipa pole, akidhani nasema makaburi ya ukoo. Mifupa iliyogeuka mawe ni "fossils", ndugu zangu. Na dinosaria wa miaka milioni 150 hivi mwite "prehistoric", yaani wa kabla ya historia, maana hiyo "ancient" ya Kilwa kwake ni ya juzi asubuhi.

Mama Darasa la Tatu (Nachingwea):
Wangu karudi shule anaimba "I am nine years old". Kamaliza, kaniuliza, "Mama, mbona mwalimu anatuita wazee?" Kabla sijajibu, bibi yake alikuwa pale mkekani anachambua mchicha. Akaweka ungo chini, akajifunika kanga vizuri, akainamisha kichwa: "Shikamoo, babu." Mtoto akakimbilia nyuma ya mlango, hataki kuitikia. Mpaka leo akikataa kutumwa maji, bibi hafoki. Anamwamkia tu.