Mirror Reaper, Dopesmoker au Watching from a Distance: ipi inalemea zaidi?

KichwaMzito (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za usiku. Wiki ya tatu sasa nasikiliza doom tu (ile metali nzito ya mwendo wa pole pole), na nimekwama kwenye albamu tatu: Mirror Reaper ya Bell Witch (2017), Dopesmoker ya Sleep, na Watching from a Distance ya Warning (2006). Zote nzito, ila kila moja ina uzito wake. Naomba tulinganishe sisi tuliozisikiliza mpaka mwisho. Dakika tano za kuonja hazitoshi.

Nianze mimi. Mirror Reaper ni wimbo mmoja wa dakika 83. Wapigaji ni wawili tu, wa Seattle: besi na ngoma, gita hakuna. Juzi umeme ulikatika, nikalala chali sakafuni na hedifoni. Mwanzoni nilikuwa nahesabu. Noti inapigwa, inanguruma, inafifia, nami nimeshika pumzi naisubiri inayofuata. Ngoma ikishuka ni kama mtu katua gunia la mahindi kwenye sakafu ya mbao. Kufika nusu saa nilikuwa nimeacha kuhesabu. Ilipoisha nikabaki palepale gizani, sikutaka hata kuwasha tochi. Kwangu hiyo ndiyo namba moja. Nyie je?

Mpiga_Besi
Dopesmoker, mkuu, na sibanduki hapo. Jamaa watatu wa San Jose, California, wanaingia studio 1996 kwa hela ya kampuni kubwa ya rekodi, wanatoka na wimbo mmoja wa dakika 63. Kampuni ikaukataa, bendi ikavunjika. Toleo fupi likatoka 1999 kwa jina la Jerusalem, Dopesmoker yenyewe ikaja 2003.

Rifu, yaani kile kipande kifupi cha gita, inarudi, inarudi, inarudi tena, inabadilika kidogo mno, mpaka mwili unaanza kuyumba wenyewe. Mirror Reaper naiheshimu, lakini ina nafasi tupu nyingi. Dopesmoker haikupi upenyo wa kuvuta pumzi. Ukiniambia kitu kinalemea, naelewa kimenikalia kifuani na hakitoki.

mama_Tumaini
Jamani, niisemee ya tatu maana naona inarukwa. Kwenye Watching from a Distance hakuna mngurumo wa koo hata mmoja. Patrick Walker anaimba kwa sauti safi kabisa, kama mtu anayejieleza nje ya mlango uliokwisha kufungwa. Nyimbo tano. Gita zinaburuta pole pole nyuma yake, na unasikia kila neno.

Niliiweka siku moja nikipika. Nilishindwa, nikazima jiko, nikakaa. Kwa mshindo hizo mbili zitaishinda, sibishi. Ila kwenye zile mbili unaweza kujifunika sauti ukajisahau. Hapa huna pa kujificha.

fundi_redio
Kabla hamjaenda mbali, mnasikilizia nini? Uzi mnene wa besi ya kawaida hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haishuki huko. Unachopata ni vile vitoto vya juu vya noti, noti mama hujaisikia. Kwa hiyo mtu akiniambia Mirror Reaper ina utupu, swali langu la kwanza ni hilo. Mimi nina spika mbili kuukuu za inchi 12, na ile besi ikishuka bilauri zinagongana kabatini. Tena sikilizeni vizuri: Dylan Desmond wa Bell Witch anapiga besi ya nyuzi sita kwa mikono yote miwili juu ya shingo, mmoja unashika chini, mwingine unaimba juu. Ndiyo maana hata bila gita husikii pengo.

Halafu tumkumbuke mwenye shina. Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath, miaka 17, kiwanda cha mabati Birmingham, mashine inamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vya kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko. Kufika albamu yao Master of Reality, 1971, ameshusha nyuzi toni moja na nusu: nyuzi zikalegea, vidole vikapata nafuu, na sauti ikazama chini. Albamu zenu zote tatu ni wajukuu wa mkono ule.

Usiku_Nairobi
Kwa uzito wa mazishi mimi huenda kwa bendi za Finland: Thergothon, na albamu Stormcrowfleet ya Skepticism (1995) yenye kinanda kama cha kanisani. Lakini haziko kwenye orodha, basi kati ya hizi tatu namfuata mama Tumaini.

KichwaMzito, nimeskia kwamba ndani ya Mirror Reaper kuna sauti ya marehemu. Ni kweli?

KichwaMzito
Ni kweli. Adrian Guerra alikuwa mpiga ngoma na mwimbaji wao. Alifariki 2016. Walikuwa na sauti zake zilizobaki bila kutumika, wakaziweka katikati ya wimbo. Anayepiga ngoma sasa ni Jesse Shreibman, aliyekalia kiti chake.

Mpiga_Besi, hapo ndipo nafasi tupu unazozisema zinaponikamata. Tulipomaliza arobaini ya baba, dada yangu alifungua ujumbe wa sauti ambao baba alimtumia, anauliza bei ya mbolea. Sekunde 19. Sebule nzima, watu na watoto, kimya. Baada ya ile sauti hakuna aliyejua aseme nini, na ule ukimya ulikuwa mzito kuliko kilio cha siku ya mazishi. Sauti ya Guerra ikiingia, nayo besi imesimama inamsubiri amalize, mimi narudi kwenye ile sebule. Wangejaza kila sekunde kwa mshindo nisingemsikia.

mama_Tumaini
Pole sana, kaka. Mungu amrehemu mzee. Sasa nimekuelewa.

Mpiga_Besi
Pole sana mkuu, sikuwa najua. Dopesmoker bado naipenda kuliko zote, siwezi kukudanganya. Lakini fundi kanikamata, nilisikiliza kwenye simu nikiwa kwenye daladala. Narudia usiku huu kwenye spika za mjomba.

fundi_redio
Ukiwa na CD ujue ziko mbili, maana dakika 83 haziingii kwenye moja. Utalazimika kuinuka katikati ubadilishe. Tumia faili nzima, na usiguse sauti mwanzoni ukidhani iko chini.

Mpiga_Besi
Ninayo faili. Watoto wameshalala, nimezima taa. Naanza.