Amenyimwa viza ya matembezi Ujerumani: akate rufaa au aombe upya?

Mwuliza_Njia

Wakuu, nauliza kwa niaba ya mdogo wangu. Aliomba viza ya Schengen (ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya) akakae wiki tatu Ujerumani kwa binamu yetu. Karudishiwa pasipoti na fomu yenye alama kwenye visanduku viwili: kwamba maelezo ya lengo na mazingira ya safari hayaaminiki, na kwamba kuna shaka kama ataondoka kabla viza haijaisha. Basi, hakuna kingine.

Alipeleka barua ya mwaliko ya kawaida, taarifa ya benki ya miezi mitatu, barua ya mwajiri, bima na nafasi ya ndege. Salio lilikuwa euro 4,200, ila 3,500 kati ya hizo ziliingia siku tisa kabla ya kupeleka maombi.

Akate rufaa au aombe upya? Kuna wakala anamshauri abadilishe pasipoti "afute historia", inasaidia? Na akija kuomba Uingereza au Kanada, analazimika kusema alinyimwa?

Karani_wa_Dirishani

Mkuu, kabla ya yote rudini kwenye hivyo visanduku. Fomu ile ni moja kwa nchi zote za Schengen, imo kwenye kiambatisho cha VI cha Kanuni za Viza (810/2009), na maneno yake hayakuwekwa ovyo. Kipo kisanduku kinachosema "hukuthibitisha", na kipo kinachosema "ulichokileta hakiaminiki". Cha kwanza dawa yake ni kuongeza karatasi. Cha pili maana yake karatasi zilisomwa zikaonekana hazikubaliani, au hazikubaliani na maelezo yake. Huyu kapewa cha pili. Akirundika nyaraka nyingine juu ya zilezile, atarudishiwa fomu ileile.

Mtandaze nakala zote mezani mzisome kama mtu asiyemfahamu. Siku za likizo kwenye barua ya mwajiri zinalingana na tarehe za ndege na za bima? Mshahara uliotajwa kwenye barua unaonekana ukiingia benki kila mwezi, kiasi hichohicho? Kama analipwa taslimu, mwajiri aandike hivyo na hati za mshahara ziambatanishwe. Kwenye fomu ya maombi, mlipaji wa gharama aliandikwa ni nani: yeye au mwenyeji? Na barua ya mwaliko inasema nani? Hapo kwenye "nani analipa" ndipo wengi wanapoangukia.

Zile 3,500 sasa. Afisa haangalii salio la mwisho peke yake, anaangalia mzunguko: kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki. Akaunti ambayo kwa kawaida hubaki na mia kadhaa, kisha inavimba siku tisa kabla ya maombi, inasomeka kama fedha ya kuazima ya kuonyesha tu. Kama ni halali, chanzo kionekane kwa karatasi: kama aliuza kitu, mkataba wa mauzo, pamoja na muamala unaoonyesha fedha ilitoka kwa mnunuzi. Maelezo matupu hayatoshi.

Kama binamu ndiye anayegharamia, mwaliko wa kawaida hauna nguvu ya kifedha. Kinachotakiwa ni Verpflichtungserklärung, tamko rasmi la kubeba gharama. Mwenyeji huenda ofisi ya wageni ya mji anakoishi, huonyesha mapato yake, hutia saini mbele ya afisa na kulipa ada ya euro 29. Akumbuke kwamba ni deni la kisheria: mgeni akiiingiza serikali gharama, yeye ndiye atakayedaiwa.

Lakini msijidanganye. Tamko hilo linamaliza suala la fedha, haligusi suala la kurudi. Mtu anaweza kulipiwa kila kitu na bado asirudi; afisa analijua hilo. Kurudi kunathibitishwa na vitu vinavyomdai nyumbani kwa tarehe maalumu: mkataba wa kazi unaoendelea na likizo iliyoidhinishwa ikitaja siku ya kuripoti kazini, masomo yenye ratiba ya muhula, watoto anaowalea, biashara yenye usajili na kodi inayolipwa. Safari za nyuma alizorudi kwa wakati zina uzito mkubwa. Hati ya nyumba, kwa maoni yangu, watu wanaipa sifa isiyostahili: nyumba itamsubiri mtu hata akipotea miaka mitatu.

Na wiki tatu ni nyingi kwa safari ya kwanza. Siku kumi zinazoendana na kipato na likizo yake zinaeleweka kwa urahisi zaidi.

Pingamizi

Nijazie upande wa rufaa, maana watu huchanganya nchi na nchi. Kwa Schengen, kifungu cha 32 cha Kanuni za Viza kinampa kila aliyenyimwa haki ya kukata rufaa dhidi ya nchi iliyoamua, kwa sheria za nchi hiyo. Kwa hiyo utaratibu na muda vinatofautiana. Ujerumani ilikuwa na njia nyepesi ya kuuandikia ubalozi upitie upya uamuzi wake. Imefutwa kuanzia 1 Julai 2025. Iliyobaki ni kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea uamuzi. Inawezekana, ila ina gharama, inachukua muda, na shughuli zake ni za Kijerumani. Uholanzi unapeleka pingamizi ndani ya wiki 4. Italia ni mahakama ya utawala ya Lazio, Roma, siku 60.

Nje ya Schengen hali ni nyingine. Uingereza viza ya mgeni haina rufaa ya kawaida wala mapitio ya kiutawala; inabaki mahakama kupitia uhalali wa uamuzi, na unatakiwa uende haraka, usipite miezi 3. Marekani ukinyimwa kwa kifungu cha 214(b), yaani hukumridhisha afisa kwamba utarudi kwenu, hakuna rufaa kabisa, unaomba tena na kulipa ada upya. Ila ukipewa karatasi ya kifungu cha 221(g) usikimbilie kuomba upya: mara nyingi ni nyaraka zimepungua, na una mwaka mmoja wa kuzipeleka. Kanada unaweza kwenda Mahakama ya Shirikisho, siku 60 kama uko nje ya Kanada. Huko soma kwanza maandishi ya afisa. Tangu Julai 2025 wameanza kuyaambatanisha na baadhi ya barua za kukataa. Yasipokuwepo, yanaombwa kwa sheria ya kupata taarifa. Barua yenyewe haisemi mengi.

Kipimo changu: rufaa inalipa pale kosa ni lao na ushahidi ulikuwa tayari kwenye faili. Mfano, wanasema hukuleta bima, na orodha ya kituo cha viza iliyogongwa muhuri inaonyesha bima ilipokelewa. Kama faili lenyewe lilikuwa na tundu, ziba tundu, omba upya.

Mhuri_Mkavu

Hilo la kubadilisha pasipoti ni la vishoka. Kunyimwa kumeandikwa kwenye mfumo wa taarifa za viza wa Ulaya (VIS) pamoja na alama za vidole, na kumbukumbu hukaa miaka 5. Pasipoti mpya, vidole vilevile.

Kuhusu kusema: fomu za Uingereza na Kanada zinauliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote, si yao tu. Jibu ni ndiyo, nchi, tarehe, sababu kwa sentensi mbili. Kunyimwa si kifungo. Kanuni za Viza zenyewe zinasema kukataliwa kwa nyuma hakufanyi ombi jipya likataliwe moja kwa moja. Kuficha ndiko kunakoua: Kanada ni marufuku ya miaka 5 kwa udanganyifu, Uingereza inaweza kufika 10, na Marekani marufuku yake haina ukomo, unaishia kuomba msamaha maalumu. Na wakala akijaza uongo au akighushi taarifa ya benki, saini ni ya mwombaji, adhabu ni ya mwombaji. Benki na waajiri hupigiwa simu.

Mwuliza_Njia

Shukrani sana wakuu. Tumetandaza karatasi kama mlivyosema. Barua ya mwajiri inampa likizo ya siku 15, ndege na bima ni siku 21. Zile 3,500 alizituma binamu, lakini kwenye fomu mlipaji kaandikwa mwombaji mwenyewe. Je, kuna muda wa kusubiri kabla ya kuomba tena? Na barua ya maelezo iandikwe vipi?

Karani_wa_Dirishani

Basi mmeshajijibu kwa nini "hayaaminiki". Anaomba siku sita zaidi ya alizopewa na mwajiri, na anajilipia kwa fedha ya mtu mwingine. Kile kisanduku cha shaka ya kuondoka kimezaliwa na hiki cha "hayaaminiki".

Hakuna muda wa kusubiri kisheria. Anaomba pale faili litakapokuwa limebadilika kweli. Maombi yapokelewe si mapema kuliko miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, unaweza kufika 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi. Ule mwezi mmoja wa mahakama unaendelea kuhesabika wakati mnajiandaa, mjue mnauacha kwa hiari.

Barua iwe ukurasa mmoja. Aanze kwa kutaja tarehe na namba ya uamuzi wa kwanza. Kisha kila sababu kama ilivyo kwenye fomu, chini yake jibu na namba ya kiambatisho. Kwa mfano: "Tarehe za safari hazikulingana na likizo. Safari sasa ni siku 10, ndani ya likizo iliyoidhinishwa (kiambatisho 3). Fedha iliyoingia tarehe fulani ilitumwa na mwenyeji wangu, ambaye sasa ametoa tamko rasmi la kubeba gharama (kiambatisho 5)." Asilalamike, asibembeleze, na asiache zile 3,500 bila maelezo eti kwa kuwa sasa kuna tamko; kama bado ziko ndani ya miezi inayoonyeshwa, afisa ataziona.

Msikimbilie ubalozi wa nchi nyingine mnayodhani ni rahisi. Maombi yanapelekwa nchi atakakokaa siku nyingi zaidi, na huko nako VIS inafunguka.

Ndege iwe nafasi iliyoshikwa tu. Asilipe tiketi kabla viza haijagongwa.