Florida State 2023: walishinda mechi 13 kati ya 13, wakafungwa mezani

Wakuu, nimechoka. Kila msimu ule ukitajwa, hakosi mtu wa kusema "si mliona wenyewe, Georgia aliwapiga 63-3, kamati ilikuwa sahihi". Hapana! Leo tuyaweke sawa, maana uongo huu unakaribia kugeuka historia.

Kwa wasiofuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani: mwaka ule timu za mchujo wa ubingwa wa taifa zilikuwa 4 tu, na hakukuwa na msimamo wa pointi. Kamati ya watu 13 inakaa chumbani, inapiga kura, inatangaza. Florida State ya Tallahassee ilimaliza bila kupoteza mechi hata moja. Walimtwanga LSU (chuo cha jimbo la Louisiana) 45-24 kule Orlando, wakaenda kwa Clemson wakashinda 31-24 muda wa nyongeza, wakabeba na ubingwa wa ligi yao, ACC. Tangu utaratibu wa timu 4 uanze msimu wa 2014, bingwa wa ligi kubwa ambaye hajafungwa hakuwahi kuachwa nje. Wao ndio wa kwanza, na ndio wa mwisho, kwa kuwa msimu uliofuata zikawa timu 12.

Kosa lao? Kwotabeki wao (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), Jordan Travis, alivunjika mguu tarehe 18 Novemba dhidi ya North Alabama. Basi! Mechi hiyohiyo North Alabama waliongoza 13-0, Travis akatolewa kwa kigari, na bado Florida State wakashinda 58-13. Wiki iliyofuata wakaenda Gainesville kwa mahasimu wao Florida wakiwa na kwotabeki wa akiba, Tate Rodemaker. Wakashinda 24-15. Rodemaker naye akaumia, fainali ya ACC akaanza Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza.

Hiyo fainali watu wanaisema bila kuitazama. Ni kweli pasi za Glenn hazikuwa zinafika, na kocha Mike Norvell aliliona hilo. Akaamua mpira uende moja kwa moja kwa mkimbiaji, Lawrance Toafili, bila kupitia kwa kwotabeki. Toafili akakimbia yadi 118. Na kule nyuma, ngome ikawabana Louisville wasifike kwenye mstari hata mara moja. Pointi 6 tu, zote za mateke. 16-6. Kukaba namna ile ni mpira pia, jamani! Nani kasema ubingwa ni wa wanaorusha pasi ndefu tu?

Sasa aliyepewa nafasi yao ni nani? Alabama, aliyefungwa 34-24 na Texas tena nyumbani kwake Tuscaloosa. Alabama ambaye tarehe 25 Novemba Auburn alikuwa kamshika koo: jaribio la mwisho, yadi 31 za kwenda, imebaki chini ya dakika moja. Kwotabeki wa Alabama, Milroe, akarusha, mwenzake Isaiah Bond akadakia kwenye kona, Alabama akashinda 27-24. Baadaye akamfunga Georgia, namsifu kwa hilo. Lakini ana kipigo, na Florida State hana.

Mtaniambia kanuni za kamati zinaruhusu kuangalia kukosekana kwa mchezaji muhimu. Najua. Ohio State mwaka 2014 waliingia na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, baada ya wawili kuumia. Kamati hiyohiyo ikampa nafasi ya 4, akamtoa Alabama 42-35, akachukua na kombe. Mtasema alimpiga Wisconsin 59-0 kwanza. Sawa, lakini tangu lini ushindi unapimwa kwa kupendeza kwake?

Travis mwenyewe aliandika kwamba anatamani mguu ungevunjika mapema zaidi msimu ule, watu waone kuwa timu si kwotabeki peke yake. Kijana yuko na mguu uliovunjika, na anajiona yeye ndiye kawaponza wenzake. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Na hiyo 63-3: wachezaji zaidi ya 20 wa Florida State hawakucheza ile Orange Bowl, mechi ya nje ya mchujo waliyopangiwa na Georgia. Wengine majeruhi, wengine wameshahama, wengine wanajiandaa na NFL, ligi ya kulipwa, kwa sababu walichokuwa wanakipigania kilishachukuliwa. Ile haikuwa timu iliyomfunga LSU wala Louisville, na matokeo yake hayawezi kuhalalisha kura iliyopigwa wiki karibu 4 kabla.

Anayetetea uamuzi ule anijibu hili tu. Jumanne tarehe 28 Novemba, Travis akiwa tayari kaumia, kamati ilimweka Florida State nafasi ya 4 na Alabama ya 8. Jumamosi Florida State akashinda fainali. Jumapili tarehe 3 Desemba akawa wa 5. Katika siku hizo alipoteza nini?